Gemu la Wapagazi: Tulivyolitengeneza Nyumbani, Lindi

Gemu letu linaitwa Wapagazi wa Tendaguru, na ukilicheza bila kusimama unalimaliza kabla maharage hayajaiva. Wewe ni mpagazi, mwaka ni 1910. Umebeba mfupa wa dinosaria uliofungwa kwa mianzi, unatoka nao kilima cha Tendaguru unaupeleka bandarini Lindi. Hakuna upanga wala binti mfalme aliyetekwa. Kuna jua, kiu, siafu, simba mmoja, na wazee ambao usipowaamkia hawakuonyeshi kisima kilipo.

Tumelitengeneza nyumbani: mimi, wapwa wangu watatu, binti wa jirani anayetuzidi sote kwa kuchora, rafiki yangu fundi simu, na mama yangu. Mama hajawahi kushika kipanya, lakini kwenye orodha ya watengenezaji yeye ndiye wa kwanza, na watoto ndio waliomweka hapo. Naandika haya kwa sababu watu wengi wanaoliona huniuliza nilisomea wapi. Sikusomea popote. Tena kompyuta ilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote.

Kwa asiyezifahamu gemu za aina hii: mchezaji anashika nafasi ya mtu fulani ndani ya hadithi, anatembea, anaongea na watu, anaokota vitu, anapambana kwa zamu, na kadiri anavyoendelea anapata uwezo zaidi. Asili yake ni mezani, kwa karatasi na dadu. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, na mwaka 1986 Wajapani wakatoa Dragon Quest, ambayo ramani yake ya kutazamwa kutoka juu na mapambano yake ya zamu vimeigwa na wengi hadi leo. Nalitaja hili la karatasi kwa sababu lilikuja kutuokoa, nitalifikia.

Watoto walianza na majoka, kama nilivyotarajia. Mkubwa alitaka kasri lenye minara, wa kati majoka yanayotema moto, mdogo alitaka gari. Sikumkatalia mtu. Nilimuuliza wa kati joka lake lina ukubwa gani. "Kama nyumba, Mjomba." Nikawaambia basi kaskazini-magharibi ya mji huu huu, mwendo usiofika kilomita 100, alikuwepo mnyama anayeizidi nyumba, na huyo hakutungwa na mtu.

Habari yenyewe wengi wetu tunaijua kwa juujuu, kama habari ya "mjusi wetu aliyeko Ujerumani". Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa imechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaleta msafara chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini waliochimba walikuwa mamia ya watu wa huku, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa kwa miguu, kichwani na mabegani, mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 zilitoka. Mnyama mkubwa kuliko wote, ambaye siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937 na yupo mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Suala la kumrudisha limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja.

Nilipofika hapo nilidhani watashangaa ukubwa wa mnyama. Walishangaa dakika moja. Kisha wa kati akauliza, "Sasa Mjomba, aliyebeba ni nani?" Nikamtajia Boheti. "Huyo si umesema msimamizi? Nauliza aliyebeba." Sikuwa na jina la kumpa. Hapo hapo gemu likapata mtu wake, na majoka hayakutajwa tena.

Sasa nyenzo. RPG Maker ya Japani, programu ya kutengenezea gemu za aina hii, ndiyo maarufu kuliko zote na ni nzuri, ila matoleo yake mapya yanauzwa, na kompyuta yetu ni ya zamani, feni yake unaisikia ukiwa uani. Tulichukua OHRRPGCE, kazi aliyoianzisha James Paige. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ni nyepesi kiasi kwamba hata mashine ya mtu aliyestaafu inaibeba. Jina hilo hakuna mtoto aliyeweza kulitamka. Kwa kuwa watengenezaji wake wanajiita Hamster Republic, sisi tunaiita Hamsta, basi.

Umaskini wa Hamsta ndio ulionifurahisha. Kioo cha gemu ni pikseli, yaani nukta za rangi, 320 kwa 200. Kila kigae cha ramani, yaani kipande kimoja cha mraba, ni 20 kwa 20, kwa hiyo unachokiona kwa mara moja ni vigae 16 kwa 10. Picha ya mtu au mnyama inatumia rangi zisizozidi 16. Mtu anayetembea ana picha nane tu, mbili kwa kila upande anaoelekea. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhesabu vyote hivyo. Binti wa jirani hakuwa na kompyuta kwao, kwa hiyo alichora kwenye daftari la hesabu lenye vyumba: akapima vyumba 20 kwa 20, akapaka kwa kalamu za rangi, chumba kimoja pikseli moja. Jioni analeta daftari, mdogo anamsomea mkubwa safu kwa safu, "kahawia, kahawia, nyeusi, wazi, wazi", na mkubwa anabofya. Mwembe wetu wa kwanza ulichukua jioni nzima. Ulipotokea kwenye ramani, mwenye daftari alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akasema, "Huu una maembe upande mmoja tu." Akaondoka nao kwenda kuurekebisha.

Toka siku hiyo tukawa na sharti moja ambalo nimelilinda kuliko mengine yote: hatuinuki kabla hakijapatikana kitu cha kuchezeka. Hata kiwe kidogo namna gani. Leo mlango umefunguka. Leo mbuzi anatembea. Hadithi ndefu iliyoko kwenye daftari inawachosha watoto, na watu wazima pia, ila watu wazima wanaona haya kusema. Wapwa wangu waliweza kusubiri siku nyingi bila kukata tamaa kwa sababu kila walipoondoka kulikuwa na kitu kipya cha kuwaonyesha wenzao.

Jambo la maamkizi lilitokana na sharti hilo. Tulikuwa na mzee mmoja kwenye ramani, ameketi chini ya mwembe, na kazi yake ilikuwa kumwambia mchezaji kisima kiko wapi. Mdogo akaenda kwake, akabonyeza, mzee akasema. Mama alikuwa anapita na ungo, akasimama.

"Huyu mtoto amemwendea mzee hivi hivi, hakumwamkia?"

"Bibi, ni gemu."

"Na mzee naye akamjibu?"

Kwenye Hamsta, kisanduku cha maneno kinaweza kumpa mchezaji machaguo mawili, na kila chaguo linawasha au kuzima alama ambayo gemu inaikumbuka. Tukaweka la kwanza "Shikamoo babu", la pili "Kisima kiko wapi?" Ukichagua la kwanza, alama inawaka, mzee anaitikia marahaba, anauliza umetoka wapi, anakuonyesha kisima na kukuongezea ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ya kuchemsha ya njiani. Ukichagua la pili anakutazama tu. Hakukatalii wala hakugombezi, anakutazama. Ukirudi anakutazama tena. Mtoto wa rafiki yangu alihangaika hapo mpaka akaja kulalamika kwamba gemu limekwama. Mkubwa akamuuliza, "Umemwamkia?" Yule akarudi kwenye kiti kimya kimya.

Kwa wanaotaka kujua ufundi wa gemu hizi, karibu wote uko hapo. Alama inawaka, alama inazima, na dunia inabadilika kwa kufuata alama. Mpwa wangu wa kati alipolielewa hilo hakushikika. Akaweka alama ya kama umeoga mtoni, alama ya kama umemsaidia mama mwenye kuni, alama ya kama ulimcheka yule kijana aliyeanguka na mzigo, na kijana huyo huyo unakutana naye baadaye ndiye mwenye mtumbwi.

Tulibishana sana kuhusu mapambano. Mkubwa alishikilia kwamba gemu bila kupigana si gemu. Nilimuunga mkono, maana zile zamu zina utamu wake: unapima, unachagua, unasubiri kuona. Swali lilikuwa tupigane na nani. Mpagazi hana bunduki. Wa kati akasema, "Tupigane na jua." Tukacheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu Hamsta haijali adui ni nini. Ukiipa picha ya jua na nambari za kupiga, jua linapiga.

Basi adui wa kwanza wa gemu letu ni Jua la Saa Saba. Lina macho, na kila zamu linakukata nguvu. Maneno ya Kiingereza yaliyokuja na programu tuliyabadilisha yote, kwa kuwa Hamsta ina ukurasa wa kufanya hivyo, ingawa vyumba vya maneno ni vyembamba na mara nyingine ilibidi tutafute neno fupi. Uhai ukawa Nguvu. Uchawi ukawa Pumzi. Chini yake unachagua: Kunywa, Kivuli, Imba. Jua haliuawi. Unalivumilia mpaka alasiri, yaani mpaka nguvu zake ziishe zenyewe, na kazi yako ni kuhakikisha wenzako wote wanafika alasiri wakiwa wamesimama. Kiu inashindwa na maji tu. Siafu wanashindwa na majivu. Simba, huyo mama ndiye aliyetoa masharti yake: humpigi peke yako, mnapaza sauti wote na mienge juu, na mmoja akikimbia mmeliwa.

Imba ndiyo silaha bora, inampa nguvu kila mtu kwenye kundi. Wimbo waliutunga watoto wenyewe, mistari miwili. Tuliurekodi kwa simu chumbani, madirisha yamefungwa, khanga na mablanketi yametundikwa ukutani ili sauti isirudi. Fundi simu akaukata na kuusafisha. Jogoo wa jirani ameingia kwenye mstari wa pili, na tulipotaka kurudia watoto wakakataa. Yumo mpaka leo.

Umeme ukikatika, tunaendelea. Hapa ndipo ile asili ya mezani iliponisaidia. Tunachora ramani kwenye mkeka kwa chaki, mtu mmoja anakuwa nchi nzima, yaani mzee, simba, mvua na mwenye mtumbwi, wengine ni wapagazi. Badala ya dadu tunarusha simbi nne tulizookota ufukweni. Unahesabu zilizolala mdomo juu, ndiyo nguvu ya tendo lako. Kwa simbi hizo ndiyo tulipata hesabu za gemu. Tulianza kwa kumpa mpagazi nguvu 40 na Jua kukata 10 kila zamu, na kwenye mkeka ikaonekana wazi kwamba mtu anakufa hata kama amecheza vizuri, na mdogo alilia. Tukashusha hadi 6. Kwa 6 unafika alasiri ukiwa hoi, lakini unafika. Ingetuchukua muda mrefu sana kuligundua hilo kwenye mashine, ambako kila badiliko linataka ufungue, ubadilishe, uanze upya. Hata sasa umeme ukiwepo, jambo jipya tunaanza nalo mkekani.

Mama aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa ming'oko na akakaa. Watoto walikuwa wameiweka kama kitu cha kuokota njiani, bonyeza upewe. Akawaambia ming'oko haiokotwi, inachimbwa, na anayechimba anajua mti wake. Sasa kwenye gemu unatafuta mmea, unachimba, na unapoteza muda. Ndiye pia aliyesema kijiji cha kwanza kina watu wengi mno. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilikuwa vimepita juzi tu, na njaa ilifuata. Kwa hiyo nyumba kadhaa tumeziacha tupu, na duka la pale lina mwenye duka lakini halina chakula. Rupia zako hazikusaidii. Mkubwa alichukia, "Duka gani hilo sasa?" Wa kati akamjibu, "Duka la siku hizo." Ukimsaidia mwenye duka kuezeka paa anakupa mbaazi alizozificha. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya gemu nzima, na mimi sikuitia mkono.

Kazi ya mjomba ni ipi, basi? Huku kusini mjomba ana sauti, na ni rahisi kuitumia vibaya. Mimi nilijipa kazi mbili. Ya kwanza ni kutunza nakala. Kila jioni faili linakopiwa kwa jina jipya lenye tarehe, moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa kabatini kwa mama. Mtoto akijua kwamba ya jana ipo salama anathubutu kuharibu ya leo, na gemu linatengenezwa na mtu anayethubutu kuharibu.

Ya pili ni kushika mipaka. Kulikuwa na sura ya melini, kulikuwa na sura ya Berlin yenye theluji na treni. Zote nzuri, na zote zingetumaliza. Niliwaambia chochote ambacho mpagazi hakukiona kwa macho yake hakimo. Walinuna. Ila kipimo hicho hakina upendeleo, mtu yeyote anaweza kukitumia, na baada ya muda wakawa wanakitumia wao dhidi yangu. Nilitaka kuweka maelezo ya kisayansi ya mnyama mwanzoni, mdogo akasema, "Mjomba, mpagazi alikuwa anayajua hayo?" Yakatoka.

Marafiki wana faida yao ambayo watu wa nyumbani hawana: hawana adabu kwa kazi yako. Mimi na wapwa wangu tunajua njia iko wapi, tunaifuata. Mtoto mgeni anaingia baharini. Anapanda paa. Anamwongelesha mbuzi kwanza kabla ya mtu. Kila nyumba niliyopeleka gemu nilikaa nyuma na karatasi, nimefunga mdomo, jambo gumu kuliko unavyodhani. Ukimwelekeza mchezaji hata mara moja, huna tena wa kukuambia ukweli. Mbuzi sasa anajibu, kwa sababu watoto wengi mno walimwongelesha.

Mwisho wa gemu ulitugawa. Unafika bandarini, mzigo unapimwa, unalipwa, meli inaondoka. Watoto wakaona haitoshi. Mkubwa alitaka mpagazi akatae kupakia. Fundi simu akasema mtu aliyekataa miaka ile, muda mfupi baada ya vita, angechapwa au kufungwa, msiwadanganye wenzenu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Binti wa jirani, ambaye kwa kawaida haongei, akasema kuna mifupa midogo pia. Ikawa hivyo: njiani, ukiwa umemwamkia kila mzee bila kumruka hata mmoja, wa mwisho anakuuliza kama mzigo wote lazima ufike. Yanakuja machaguo mawili. Ukichagua la pili, unachimba chini ya mwembe wenye maembe pande zote mbili, na mfupa mmoja mdogo unabaki.

Wachezaji wengi hawajawahi kuufikia huo mwembe, kwa kuwa mahali fulani walimpita mzee mmoja. Sisi hatuwaambii.

Gemu limeshatoka nje ya mji. Binamu wa watoto hawa wako Mtwara, kama kilomita 100 kutoka hapa, tukawapelekea flashi kwa mtu aliyekuwa anasafiri, pamoja na faili lenyewe la kutengenezea ili wafanye wanavyotaka. Wamerudisha toleo lao. Simba anaongea, Jua wamelivisha kofia, na bandari wameihamishia Mikindani. Mkubwa anasema wameharibu historia. Mdogo hataki kucheza letu tena, anacheza la Mtwara, na ameshawatumia ujumbe wa sauti kuwauliza simba walimchoraje mdomo.